Taa za LED za bei rahisi ndani ya gari ya kulala: zikileta taabu, anza kutafuta hapa

Gari za kulala, au kempa, bado hazijawa nyingi Unguja. Zilizopo ni Hiace zilizokwisha kutumika. Baadhi zimekuja na vitanda na sinki kutoka Japani, nyengine zimetiwa mbao na magodoro hapahapa na mafundi seremala wetu. Lakini malalamiko ya wenyewe ni yaleyale ninayoyasikia kwa wenye Noah na Alphard za kuchukulia wageni, na kwa madereva wa daladala za shamba: nimetoa globu za zamani, nimetia LED, na sasa taa zinanisumbua.

Kubadilisha kwenyewe ni jambo la maana. Globu ya kuchomeka iliyozoeleka kwenye kempa, ile iliyoandikwa 921, inakula kiasi cha ampea 1.4. Ukiwasha sita kwa pamoja ni ampea 8.4. Betri ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 za kutumia, na baada ya saa sita hivi zimekwisha. LED ya kuziba pahala pake inakula kama ampea 0.2. Sita ni 1.2, na betri ileile inakupa saa arubaini. Juu ya hayo, globu ya waya hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwa joto, na joto ndani ya gari iliyolala Paje usiku wa kaskazi hakuna anayelitaka.

Basi taa zenyewe hazina kosa la kuzifanya zikataliwe. Kwa gari nilizozifungua mimi, mara nyingi kosa liko kwenye volti au kwenye chumvi ya bahari, na mwenye gari huwa ameshanunua taa tatu au nne kabla ya kupima hata kimoja katika hivyo viwili. Kwa hiyo tafuta testa kwanza, yaani mita ya kupimia volti na ampea. Ya bei ndogo inatosha.

Pima betri injini ikiwa imezimwa na gari imepumzika: betri iliyojaa ni volti 12.6 hivi. Washa injini, pima tena: 13.8 mpaka 14.4. Kama una paneli ya sola juu ya gari, pima pia saa sita mchana jua likiwa kali. Andika namba zote. Ukikuta 24 na zaidi, gari yako ni ya volti 24, kama zilivyo Coaster nyingi, na LED ya volti 12 itaungua hapohapo. Kuona betri mbili hakutoshi kukupa jibu, kwa sababu kempa nyingi zina betri mbili zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na bado ni volti 12.

Haiwaki kabisa

Igeuze. Globu ya waya haijali chanya na hasi, LED inajali. Ile ya kuchomeka itoe, izungushe nusu mzunguko, irudishe. Ile ndefu inayobanwa ncha mbili kama fyuzi ya kioo, badilisha ncha. Ya kuzungusha yenye pini mbili ubavuni na nukta moja chini haigeuziki. Hiyo ikigoma, ujue ama waya za kishikio zimefungwa kinyume, ama taa yenyewe mbovu. Ijaribu moja kwa moja kwenye betri.

Ikiwaka kwenye betri na haiwaki kwenye kishikio, tizama kama inagusa. LED nyingi za kuchomeka zina vijiwaya vyembamba kuliko vya globu ya asili, vikunje kidogo vitoke nje. Zile za ncha mbili huja za milimita 31, 36, 39 na 41, na dukani mtu anakupa ya karibu na hiyo yako. Ya 36 kwenye kishikio cha 39 itashika leo, na barabara ya mashimo itaiangusha kesho. Usivute vibano vya kishikio kuifuata taa. Rudi dukani.

Fyuzi imekata wakati wa kubadilisha, au mara tu baada yake

Kwenye gari nyingi za Kijapani taa ya dari ina chanya wakati wote, na mlango ukifunguliwa ndipo hasi inapokamilika. Kwa hiyo hata taa ikiwa imezima, kishikio kina umeme. Bisibisi ikigusa chanya na bati kwa pamoja, fyuzi inakwenda. Toa fyuzi ya taa za ndani kabla hujaanza, na itie baada ya kumaliza.

Kama imekata baadaye, itoe taa uitizame mgongoni. LED nyingi zimejengwa juu ya kibodi, yaani kibao cha sakiti, kipana kuliko globu ya zamani, na migongoni mwake risasi ya kulehemu imeachwa wazi. Risasi hiyo ikigusa kioo cha chuma cha kurudisha mwanga kilicho nyuma ya taa, ni shoti. Tia kipande cha mkanda wa umeme au mpira mwembamba katikati. Na fyuzi ya ampea 10 ibadilishe kwa ya ampea 10. Ukitia ya 30, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na waya huo umepita nyuma ya mbao na sponji unayolalia.

Imewaka siku chache, sasa nukta zinakufa tatu tatu

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nukta moja ya LED nyeupe inataka kiasi cha volti 3.2. Watengenezaji wa taa rahisi huziunga tatu kwa mfuatano, jumla 9.6, kisha wanaweka kizuizi kimoja kidogo, rezista, cha kuchukua volti zinazobaki. Ndiyo maana zinakufa tatu tatu: moja ikikatika, wenziwe wawili wanakosa njia.

Sasa fuata hesabu. Tuseme rezista ni ya omu 120, ile inayoandikwa 121 kwa herufi ndogo mno. Betri ikiwa na volti 12, zinazobaki kwa rezista ni 2.4, na mkondo ni miliampea 20. Ndio mkondo unaozifaa nukta zile. Injini ikiwaka, volti zinapanda mpaka 14.4. Nukta zinaendelea kutaka 9.6 au zaidi kidogo tu, kwa hiyo karibu ziada yote inaangukia kwa rezista: 4.8, maradufu. Mkondo nao unakaribia miliampea 40. Volti zimeongezeka kwa sehemu moja katika tano, mkondo umekuwa maradufu, na joto la rezista limekuwa mara nne. Tia ndani ya kifuniko cha plastiki, gari imeegeshwa juani Darajani, na hakuna haja ya kushangaa.

Kuna kijana mmoja wa Jambiani alinijia na Noah aliyoitengeneza kwa kulala wageni. Akaniambia, "Ami, hii mara ya nne, duka lile linauza taa za uongo." Nikamwambia awashe injini. Testa ikaonyesha 15.1. Nikamuuliza kama betri inapungua maji, akasema kila wiki anaongeza, na akakiri kuna harufu ya yai bovu akifungua boneti. Regyuleta ya alteneta, ile inayozuia volti zisipande, ilikuwa imekufa. Taa zilikuwa zinampa habari hiyo kwa muda wote ule, na lau tungeendelea kubadilisha taa, betri ndiyo ingefuata. Injini ikiwaka ukapata zaidi ya 14.8, acha habari ya taa, shughulikia alteneta.

Namba zako zikiwa sawa na bado taa zinakufa, chunguza taa ni ya aina gani. Ukiona kwenye kibodi vipande vidogo vya mraba vyenye namba tu, hiyo ni ya rezista. Ukiona kijidude cheusi chenye miguu mingi na koili pembeni yake, ina draiva, yaani sakiti inayoshikilia mkondo usipande. Kama haifunguki, unganisha testa kwa mfuatano upime ampea mara mbili, injini imezimwa na injini imewashwa. Mkondo ukipanda sana, ni rezista. Ukibaki palepale au ukishuka kidogo, ni draiva. Watengenezaji wa zenye draiva mara nyingi huandika juu ya paketi kiwango kipana, kama volti 10 mpaka 30. Ile iliyoandikwa "12V" peke yake ichukulie ni ya rezista mpaka uthibitishe vyengine.

Taa ya rezista haina haja ya kutupwa. Kwenye kempa, taa za kitandani huwashwa usiku, injini imezimwa, betri iko 12.4 au 12.5. Hapo inaishi vizuri. Zinazokufa ni zile zinazowaka wakati volti ziko juu: taa ya mlango, taa ya jikoni ikiwashwa mchana sola inachaji, taa za daladala inayotoka mjini baada ya magharibi. Kwa pahala hapo weka yenye draiva. Ukiwa huna, tia dayodi mbili kwa mfuatano kwenye waya wa chanya, aina ya 1N4007, wanazo mafundi redio wote. Kila moja inakula kiasi cha volti 0.7, kwa hiyo 14.4 inakuwa 13. Kwa laini nzima ya taa tumia 1N5408, ya ampea 3, kwa sababu 4007 mwisho wake ni ampea 1. Injini ikizima mwanga utafifia kidogo. Kwa taa ya mlango hilo halidhuru.

Na wenye sola wenye betri za maji: baadhi ya chaja huipandisha betri zaidi ya volti 15 mara moja moja ili kuisawazisha. Siku hiyo taa za rezista zizimwe.

Inawaka na kuzima yenyewe, hasa gari ikitikisika

Chumvi. Gari inayolala ufukweni Nungwi au Makunduchi, upepo wa kusi unavuma miezi, haiwezi kukwepa. Shaba inaota kijani, bati la kishikio linafanya unga mweupe, na skrubu ya hasi inayoshikwa kwenye bodi inaliwa chini ya rangi, pasipoonekana. Pemba ni hivyohivyo, na mvua za masika zinaongeza unyevu juu ya chumvi.

Kuna jambo hapa linalowadanganya hata mafundi. Kiungo chenye kutu, ukiweka globu ya waya, inawaka hafifu na unajua kuna ugonjwa, kwa sababu inavuta mkondo mkubwa na volti zinapotea njiani. Ukiweka LED, inavuta kidogo sana, hazipotei volti za kuonekana, na taa inang'ara. Unaamini umepona. Kutu inaendelea, na baada ya wiki kadhaa taa inaanza kucheza. Na ukipima kishikio kitupu kwa testa, itakusomea volti kamili, maana testa haivuti kitu.

Kwa hiyo rudisha globu ya zamani kwa muda. Iwashe. Weka ncha moja ya testa kwenye hasi ya kishikio na nyengine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Njia nzuri itasoma 0.1 au 0.2. Ukipata nusu volti au zaidi, ubovu uko upande wa hasi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kishikio kwa betri. Kisha sogeza ncha kiungo kwa kiungo ukirudi nyuma. Pahala namba inaporuka ndipo pa kufungua.

Kusafisha: fyuzi nje, msasa laini mpaka chuma king'are, futa unga kwa kitambaa kikavu, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Mafuta huja baada ya kukaza, yazuie hewa ya bahari. Skrubu ya hasi iliyoliwa usiipigie msasa ukaridhika. Toboa pahala pengine penye bati zima, kwangua rangi, weka skrubu mpya na washa (pete ya chuma) ya meno. Bora kuliko yote, kwa kempa iliyotiwa mbao ndani, vuta waya wa hasi mmoja mpaka betri na usitegemee bodi. Waya zilizosokotwa kwa mikono na kufungwa mkanda, kata, lehemu kwa risasi, ziba. Mkanda wa umeme kwenye joto letu unaachia gundi mwaka hauishi.

Inacheza gari ikiwa imesimama, umeme wa nyumba umechomekwa

Kempa nyengine zina chaja ya zamani ya transfoma inayochukua umeme wa volti 230 wa ukutani. Umeme wake haujanyooka, unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na betri ndiyo inayoulainisha. Betri ikiwa imetolewa au imechoka kabisa, globu ya waya haionyeshi kitu kwa sababu waya wake haupoi haraka hivyo. LED inaonyesha kila wimbi. Zungusha mkono wako mbele ya taa: ukiona vidole vinakatika katika vipande, tafuta ubovu kwenye betri au chaja. Na kwenye kilele cha kila wimbi volti huwa juu sana, kwa hiyo usiziache zikawaka hivyo.

Imezimwa lakini bado ina mwanga hafifu

Swichi yenye kijitaa chake cha ndani, au kompyuta ndogo ya milango, hupitisha mkondo mdogo hata ikiwa imezima. Globu ya waya haiwezi kuwaka kwa kiasi hicho, LED inaweza. Mwanga huo hauna hatari, ila unaondoa usingizi. Funga rezista ya omu 1,000, ya nusu wati, sambamba na taa, yaani toka chanya mpaka hasi. Kama kuna taa zaidi ya moja kwenye swichi ile, acha globu moja ya zamani ibaki pahala pake, inafanya kazi hiyohiyo.

Redio inakoroma taa zikiwaka

Hii ni taabu ya zile zenye draiva, nilizozisifu huko juu. Draiva inawasha na kuzima umeme wa koili yake mara maelfu mengi kwa sekunde, na waya za taa zinageuka antena. Zima taa moja moja mpaka ujue ni ipi. Sokota waya zake mbili pamoja, vika pete ya feraiti, kile kipete cheusi cha kuzuia kelele za umeme, karibu kabisa na taa, usogeze waya mbali na ule wa antena. Ikishindikana, kwa taa hiyo moja rudi kwenye ya rezista na dayodi zake. Haina koili, haina kelele.

Mwanga umekuwa wa buluu, au mdogo kuliko zamani

LED nyeupe kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Ile ya buluu ndiyo iliyowapa wanasayansi wazaliwa wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa kidogo, mwanga unakuwa wa baridi. Tizama namba yenye K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga): 2700 mpaka 3000 ni wa manjano kama globu, 6000 na zaidi ni wa hospitali. Kwa chumba cha kulala na kula chukua ya chini. Samaki wa kupaka chini ya taa ya 6500 anaonekana kijivu, na mwanga wa buluu huita wadudu zaidi, mlango wa gari ukiwa wazi.

Ukubwa wa mwanga usiupime kwa wati wala kwa idadi ya nukta. Globu ya 921 inatoa lumeni 260 hivi, tafuta LED ya 200 na kuendelea. Ukiwa na kifuniko kilichopauka kwa jua, kioshe kwa sabuni na maji kabla hujailaumu taa. Na kama nukta zote zimeelekea upande mmoja, ukutani, kwa sababu kishikio chako kimelala ubavu, nunua ile yenye nukta za kuzunguka pande zote.

Imeanguka kutoka darini

Vibao vya mraba vyenye nukta nyingi huja na gundi ya pande mbili. LED haitoi joto mbele, inalitoa mgongoni, palepale penye gundi. Ongeza na joto la bati la juu saa saba mchana, gundi inalegea. Kata kipande cha aluminiamu, kibane kwa skrubu mbili ndani ya kifuniko, taa ikae juu yake. Inashika, na joto linapata pa kwenda, taa inaishi zaidi.

Globu za zamani ulizozitoa, zilizo nzima, usizitupe. Mbili zitie kwenye kopo pamoja na fyuzi za akiba. Moja ilehemu waya mbili fupi zenye vibano mwishoni, ndiyo itakayokuambia kama kiungo kinabeba mkondo au kinakuonyesha volti tupu.